Kurekebisha Mpunga Kama Programu

Leo tuache kompyuta kidogo, tuongee mpunga. Kazi yangu ni kuandika programu, na kadiri ninavyosoma habari za jeni ndivyo naona zinafanana na kazi yangu. Kila seli ya mpunga ina maagizo yake: kua, chanua, fungua vitundu vya majani, vifunge. Maagizo hayo siku hizi hubadilishwa kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kunakili na kubandika. Mwaka 2002 Ray Wu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliunganisha jeni mbili za bakteria E. coli wakazitia ndani ya mpunga wa basmati. Mpunga ukatengeneza trehalosi zaidi, sukari inayolinda seli zinapokosa maji, ukavumilia ukame, chumvi na baridi. Hapo wengi huogopa: bakteria kwenye sahani yangu?

Ya pili ni kama kuzima mstari mmoja tu. Mpunga una jeni iitwayo DST. Ikizimwa, majani huwa na vitundu vichache, na maji yanayopotea hewani hupungua. Wanasayansi wa India waliizima kwa CRISPR katika mpunga wa MTU1010, na tarehe 4 Mei 2025 serikali yao ikatangaza mbegu ya Pusa DST Rice 1. Hawakuacha jeni ya kigeni ndani yake.

Mimi jambo hili linanigusa. Shangazi yangu analima pishori huko Mwea, na maji yakipungua mitaroni wakulima huyapata kwa zamu. Kwake yeye, mpunga unaostahimili kiu wiki chache ni karo ya watoto.

Hata hivyo, kuna jambo linalonitia wasiwasi. Serikali ya Kenya ilipotangaza kuondoa marufuku ya GMO Oktoba 2022, kesi zilifika mahakamani na mabishano mengi yakawa kuhusu usalama wa kula. Ni swali la haki. Lakini sisi waandishi wa programu tumezoea kuuliza pia leseni inasemaje. CRISPR ina hataza, na hataza zina wenyewe. Je, shangazi ataruhusiwa kuweka mbegu zake za msimu ujao, au atarudi dukani kila mwaka?

Mbegu ikija na ruhusa hiyo, mimi nitamshauri aijaribu. Wewe waonaje?