Mwizi Asiyeacha Nyayo

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu aitwaye simu amekuja na wezi wake.

Hapa Lodwar tumezoea kusikia wizi wa mifugo. Mwizi wa mbuzi huacha nyayo, na wazee wetu hujua kuzifuata. Nyanya yangu alipouza mbuzi wake, mtu asiyemjua alimpigia, akamlaghai kwa maneno matamu mpaka akataja namba yake ya siri. Pesa zikaenda. Je, nyayo ziko wapi?

Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilianza mwaka 1930, enzi za mkoloni. Haingeweza kujua habari za kutuma pesa kwa simu, kulikoanza kwetu 2007. Ndipo ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018. Atumiaye namba ya siri ya mwenzake kwa hila aweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000, kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili.

Vizuri! Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na nyanya anajua Kiturkana na Kiswahili cha sokoni. Haki asiyoijua ataidai vipi? Wanachama wenzangu, tuieleze nyumbani. Sheria isiyofika manyatta ni kama mvua ya milima ya Loima: twaiona kwa mbali, huku mitungi yetu mikavu.