Pikipiki ya kwanza ya mtu anayetaka mbio

Leo siandiki juu ya kipindupindu, wala kadi za chakula, wala uchaguzi wa kamati ya vijana. Naandika juu ya pikipiki. Na si ya kubeba wateja tu, ni pikipiki ya mtu anayetaka mbio. Najua kuna watakaocheka. Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, nanyi cheketeni kidogo halafu muendelee, kuna sehemu yenu huko chini.

Wanaonijua kule Musenyi, upande wa Rutana, wananijua na megafoni na sabuni, juu najitolea kwenye mambo ya maji na usafi. Nikipata siku za kupumzika narudi Musaga kwa dada yangu mkubwa, Yaya, ambako tumeishi tangu tulipotoka Uvira. Mapenzi ya mbio niliyapata kwenye simu, usiku, megabaiti zikiwa za bei nafuu. Kuna mtu mmoja wa Afrika Kusini, Brad Binder. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa dunia wa Moto3, na 2020 akashinda mbio za MotoGP kule Brno akiwa juu ya KTM. Mwafrika! Siku nilipojua, nilitafuta picha zake zote mpaka betri ikaisha.

Sasa, kijana wa kwetu akisema "mbio", kichwani anaona pikipiki ya cc 600 au 1000, ile yenye rangi nyingi na sauti ya kutoboa sikio. Nimeulizwa mara nyingi: ukipata pesa, si utanunua hiyo? Jibu langu ni hapana, na sababu si umaskini peke yake. Moto3 iliyomlea Binder ni pikipiki ya cc 250, silinda moja. Hata kule wenye pesa wanaanzia chini. Ulaya walianzisha mashindano ya dunia ya pikipiki za daraja la 300 mwaka 2017, watu wakaja na Yamaha R3 na Kawasaki Ninja, pikipiki ambazo mtu anaweza kwenda nazo shule. Wenye uzoefu wanasema hivi: pikipiki ndogo inakulazimisha kujua kukata kona, juu ukipoteza mwendo kwenye kona huna nguvu za kuurudisha haraka. Kubwa inakudanganya. Unaingia kona vibaya, unatoka unasokota gesi, unafikiri unajua. Halafu siku moja gesi inakurusha.

Jambo la pili ambalo watu wanaruka: mbio zipi? Ukikaa Ulaya, unalipa siku moja kwenye uwanja wa lami, unazunguka mpaka uchoke. Ukikaa Bujumbura, mbio za kweli za karibu ni za vumbi. Uganda wanazo Garuga, njia ya Entebbe, na Nairobi wanakimbia kwenye uwanja wa Jamhuri. Ni motokrosi: udongo, matuta, kuruka. Madaraja yanaanzia watoto wa cc 50, wanapanda 65, 85, 125, mpaka wakubwa. Kwa hiyo mtu wa huku akinunua pikipiki ya lami yenye matairi mapana, ameolewa na mume asiyekaa nchi hii.

Kwa nini naandika sasa? Juu ya barabara yetu. Anayeijua Musaga anajua barabara ya kitaifa namba 7 inavyoanza kupanda hapa kwetu kwenda Ijenda. Ziwa liko kwenye mita 770 na kitu, Ijenda ni zaidi ya mita 2000. Ni kona juu ya kona. Na kuna vijana wanaoshuka hiyo barabara usiku kwa kushindana, taa zimezimwa, wengine wameweka dau la bia. Mmoja wa mtaa wetu sasa anatembea na mikongojo. Ana miaka 19. Mama yake anauza mihogo karibu na meza ya Yaya, na kila pikipiki ikipita kwa kelele anaacha kuhesabu pesa mpaka sauti iishe. Mtoto wa baba mdogo wangu naye alianza kwenda huko kutazama. Leo kutazama, kesho kushuka. Kumwambia "acha" hakusaidii, nilijaribu. Nikasema basi mimi nitafute pikipiki, na nitafute mahali.

Pesa ilikuwa ya kwangu na Yaya pamoja. Posho yangu ya kujitolea si kitu, mnajua wenyewe, lakini kwa miaka tuliweka kidogo kidogo kwenye kikundi cha akina mama cha akiba, na zamu yetu ikafika. Yaya alikuwa na neno moja tu.

"Mdogo wangu, hiyo pikipiki italeta ugali ao itakula ugali?"

"Yaya, italeta. Lakini siku ya Jumapili iwe yangu."

"Jumapili mchana. Usiku hapana. Na barabara ya Ijenda hapana."

Tulikubaliana hivyo, na kutoka hapo ndipo nilianza kuchagua kwa akili.

Moyo wangu ulikuwa kwa Yamaha DT 125. Kila mtu aliyekulia karibu na mashirika anaijua: ndefu, tairi la mbele la inchi 21, shokamzoba ndefu zinazomeza mashimo. Ile ni karibu kabisa na pikipiki ya motokrosi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuigusa. Lakini injini yake ni ya mapigo mawili, inayokunywa oili pamoja na mafuta. Fundi wetu, mzee mmoja wa hapa Musaga ambaye mikono yake haijawahi kuwa misafi tangu nimjue, alinieleza kitu ambacho sikukisoma popote. Injini ya namna hiyo inapata oili yake gesi ikiwa wazi. Ukishuka mlima mrefu gesi imefungwa, injini inazungushwa na gurudumu tu, oili inayoingia ni kidogo mno. Pistoni inaweza kukwama. Ikikwama kwenye kona, gurudumu la nyuma linasimama na wewe unaendelea. Kwa hiyo mwenye DT akishuka anapaswa kufungua gesi kidogo mara kwa mara, akishika klachi, ili injini inywe. Tena injini hiyo haikusaidii sana kupunguza mwendo, mzigo wote unabaki kwa breki, na breki ya ngoma ikipata moto inalegea. Mtu anayeishi chini ya mlima kama sisi, hayo si maneno ya kitabu.

AG 100, ile nyingine ya Yamaha ya watu wa kilimo na chanjo, ina mapigo mawili vilevile. Ni punda mzuri, cheni yake imefunikwa, ina stendi pande zote mbili. Punda lakini. Niliangalia pia Honda XL 125 iliyokuwa inauzwa kwenye mnada wa shirika moja. Mapigo manne, umbo kama la DT. Hiyo ndiyo ingekuwa jibu kamili kama ingekuwa nzima. Fundi aliinama, akatazama chini ya tanki, akaonyesha kidole mahali ambapo chuma kilichomelewa upya. Hakusema kitu. Tukaondoka.

Tukarudi kwa TVS ya 125. Ndiyo, ile ile ya mateksi. Najua nimewavunja moyo. Lakini hesabuni pamoja nami. Vipuri vyake viko kila kona, hata saa mbili usiku. Mafuta: nyote mnajua foleni za Bujumbura tangu 2022, watu wanalala kwenye stesheni. TVS inakwenda kilomita 100 kwa lita mbili hivi ukiwa na mkono mwepesi. Pikipiki ya cc 600 kwa umbali huohuo inataka mara mbili na zaidi, na ukiifungulia kwenye uwanja wa mbio ndiyo usiseme. Na tangu Machi 2022 walipoondoa pikipiki, baiskeli na tukutuku katikati ya jiji, kazi ya motari imebaki mitaani na pembeni, safari fupi nyingi, za kupanda na kushuka. Pikipiki nyepesi ndiyo inayofaa hapo. Nguvu? Kumbukeni kwamba injini yenye kabureta inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kila mita 100 unazopanda. Ukifika Ijenda umeacha zaidi ya kumi njiani. Pikipiki ikichoka huko juu hajairoga mtu, hewa ni nyepesi.

Halafu kuna sababu ya kimbio, na hii ndiyo iliyonishawishi hasa. Mbio za bei rahisi duniani ni zile ambazo wote wana pikipiki moja. Hakuna wa kusema "umenishinda kwa injini". Na Musaga, pikipiki ambayo wote wanayo ni ipi?

Ukienda kununua iliyotumika, nenda asubuhi na uguse injini. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujaja, anaficha ugumu wa kuwaka. Tazama moshi: wa buluu ni oili inaungua. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole kulia na kushoto, ukisikia kama kuna kijiwe kinakwama katikati, beringi zimekwisha. Simama nyuma utazame kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Na karatasi, jamani. Jina lililoandikwa kwenye karatasi liwe la mtu aliyesimama mbele yako. Sisi wenye kadi ya ukimbizi tuulize kwanza, kabla ya kulipa, namna ya kuandikisha, bima na permi. Polisi akikusimamisha, hadithi yako ya Uvira haitafungua kizuizi.

Sasa mahali. Japani kuna mchezo unaoitwa jimukana ya pikipiki. Wanachukua sehemu tambarare, hata ya kuegesha magari, wanapanga koni, kila mmoja anapita peke yake akikata kona kulia, kushoto, namba nane, na saa inahesabu. Mwendo si mkubwa. Ukianguka, unaanguka mahali uliponunua vumbi. Sisi tumeomba kiwanja cha mpira cha mtaani, Jumapili baada ya ibada na kabla ya mechi. Koni zetu ni chupa za maji zilizojazwa mchanga. Saa ni simu ya mtu.

Na kuna mchezo mwingine ambao umewachekesha watu mpaka wazee wanakuja kutazama: mbio za polepole. Mita 20, mstari mwembamba, na wa mwisho kufika ndiye mshindi. Ukiweka mguu chini umetoka. Motari mwenye miaka kumi barabarani alishindwa na mtoto wa baba mdogo wangu, huyu huyu niliyemtaja. Mchezo huo unakufundisha klachi, breki ya nyuma, na macho. Macho hasa! Ukitazama chupa, utaigonga chupa. Ukitazama mbele unakotaka kwenda, pikipiki inakufuata. Wiki tatu sasa hajaenda barabarani usiku. Sisemi ameacha. Nasema wiki tatu.

Mavazi ni pale tulipo dhaifu. Kaske tunazo tatu kwa watu tisa, na moja imewahi kuanguka vibaya, hiyo nimeikata mkanda ili asiivae mtu, juu kaske iliyopigwa mara moja kwa nguvu imemaliza kazi yake hata kama haionyeshi ufa. Tunavaa jinzi mbili moja juu ya nyingine, buti za mpira, glavu za ujenzi. Hakuna kaske, hakuna zamu. Sheria hiyo haina rafiki wala mdogo wa mtu.

Hapa ndipo sehemu yenu, ndugu wa mashirika. Kwenye fomu zenu za miradi ya vijana kuna mahali pa ushonaji, sabuni, kuku. Sina neno na kuku. Lakini vijana wanaoumia barabarani si wale wanaofuga kuku. Siombi pikipiki. Naomba kaske zenye alama ya ubora, saizi tofauti, na mtu wa huduma ya kwanza wa kukaa nasi Jumapili mbili kwa mwezi atufundishe namna ya kumshika aliyeanguka bila kumvunja shingo. Nilipolisema hili kwenye mkutano mmoja, niliulizwa kama mchezo huo ni "kipaumbele". Nikamjibu aje asimame karibu na meza ya yule mama wa mihogo.

Garuga bado iko kwenye kichwa changu, sikatai. Nikifika huko nitakodi, nitakimbia na pikipiki ya vumbi ya kweli, hata kama nitakuwa wa mwisho nyuma ya watoto wa miaka kumi na mbili. Kwa sasa TVS inafanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi na motari tuliyemwajiri, Yaya anaandika hesabu kwenye daftari, na Jumapili inalala kwangu. Wiki ijayo tunaongeza koni mbili kwenye namba nane na kupunguza upana kwa hatua moja. Aliye Musaga, Kanyosha au Kinindo na anataka kuja, tunaanza saa sita na nusu mchana. Uje na kaske yako, na mafuta ya nusu lita yanatosha.