Kijiti Hupokelewa Nyumbani Kwanza

Katika ratiba ya michezo ya shule, mbio za kupokezana vijiti aghalabu huwekwa mwishoni, jua likiwa limepunguza makali na watazamaji wamekwisha choka kushangilia. Hata hivyo zikitangazwa, wauza karanga huacha sinia zao na kusogea kwenye kamba. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Katika mbio nyingine kila mtoto hukimbilia jina lake. Katika hizi, watoto wanne hukimbia kama mtu mmoja, na kinachompata mmoja huwapata wote.

Nchi yetu inakumbukwa katika riadha kwa watu mmoja mmoja. John Stephen Akhwari aliimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea kwa jeraha la mguu. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974. Mwaka 1980 huko Moscow, Bayi na Suleiman Nyambui walileta kila mmoja medali ya fedha ya Olimpiki. Katika kijiti hatuna kumbukumbu ya namna hiyo. Nami, kwa miaka niliyofundisha shule ya msingi wilayani Kilosa na kuwaandaa wasichana kwa ajili ya UMITASHUMTA, nimepata kufahamu kwa nini kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana, na kwa nini sehemu yake kubwa hufanyika mbali na uwanja.

Mashindano haya hupanda kwa ngazi: shule, kata, wilaya, mkoa, kisha taifa. Katika ngazi ya kata, wasichana wanne wa shule moja hukimbia pamoja, na wamezoeana. Ugumu huanza pale wilaya inapotakiwa kuunda timu moja ya kwenda mkoani Morogoro. Mwaka ninaousimulia, wanne waliochaguliwa walitoka mahali patatu: wawili shule moja ya Kilosa mjini, mmoja Kimamba, na mmoja Mikumi.

Anayeijua wilaya yetu ataelewa maana yake. Kilosa mjini iko kando ya mto Mkondoa na Reli ya Kati; ndiyo Kilosa iliyokumbwa na mafuriko makubwa ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, maji yakabomoa nyumba na kuharibu reli. Mikumi iko upande mwingine, kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, pembeni mwa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Watoto wa Kilosa hukua na honi ya treni, wa Mikumi na mngurumo wa malori. Njia ya kuwaunganisha hupitia Ulaya, na masika huirefusha safari. Wasichana hao hawakuweza kukutana kila jioni. Ilibidi wakutanishwe kambini, wiki moja tu kabla ya mashindano.

Huenda msomaji akauliza: kama wote wana mbio, kuna haja gani ya kambi? Kwa kanuni za sasa, eneo la kupokezana lina urefu wa mita 30. Kijiti chenyewe lazima kiwe ndani ya eneo hilo kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kikipita, timu inaondolewa hata kama imeshinda. Kikianguka, aliyekiangusha ndiye wa kukiokota. Na mpokeaji hodari hatazami nyuma. Huhesabu nyayo kutoka aliposimama kurudi nyuma, akaweka alama ya majivu kwenye nyasi, mwenziwe akifika kwenye majivu, yeye huondoka kwa nguvu zake zote, na akisikia neno "Mkono!" huunyoosha mkono nyuma na kungoja kijiti kimfikie.

Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Japani ilipata medali ya fedha ya wanaume kwa muda wa sekunde 37.60, ingawa hapakuwa na hata mmoja kati ya wanne wao aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Wamarekani, wenye mbio kuwazidi, walifika wa tatu wakaondolewa kwa sababu kijiti kilibadilishwa kabla ya kuingia katika eneo lake. Hilo ndilo nililowaeleza wakuu wa shule walioniambia kwamba inatosha kuwakusanya wasichana siku ya safari.

Barua za kuomba ruhusa zilipelekwa kwa wazazi. Tatu zilirudi zimetiwa saini. Ya Mikumi haikurudi, na msichana wa Mikumi ndiye aliyekuwa na mbio kuliko wote. Bila yeye tungepata wa kujaza nafasi, lakini yeye mwenyewe angepoteza kitu alichokipata kwa haki. Niliona si vema kutuma barua ya pili. Nilipanda gari kwenda Mikumi, nikamwomba ustadhi wa madrasa yake anisindikize.

Baba yake ni fundi wa magurudumu kando ya barabara kuu. Alitukaribisha barazani, akanawa mikono, akaketi.

"Mwalimu, sikatai mtoto kukimbia," alisema baada ya salamu. "Nataka kujua mambo matatu. Atalala wapi na nani? Atavaa nini mbele za watu? Na wakati wa swala ukimkuta uwanjani, ataswali wapi?"

Wapo waandaaji wa michezo ambao husikia maswali ya namna hii kama kukataliwa, wakaondoka wakisema kwamba wazazi wa Kiislamu hawapendi michezo. Kauli hiyo haina msingi. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a), mara ya kwanza akashinda yeye Bi Aisha, na mara nyingine akashinda Mtume (s.a.w). Mzee yule alilijua hilo kuliko mimi. Alichotaka ni kile ambacho mkimbiaji yeyote hukitaka kabla ya kuachia kijiti: kujua kama upo mkono wa kukipokea.

Tukaanza na la kwanza. Nilimweleza hali kama ilivyo: wasichana hulala darasani kwenye magodoro, mlango hufungwa kwa ndani, na mwalimu wa kike hulala nao. Akauliza wasichana ni wangapi. Nikamwambia, wa michezo yote, karibu thelathini. "Mwalimu mmoja kwa thelathini?" akasema. "Akiugua mmoja usiku, nani atabaki na waliosalia?" Swali lilikuwa la haki, na halikuhitaji utetezi bali mtu wa pili. Ustadhi ndiye aliyetaja jina la shangazi wa binti, mjane mwenye watoto wakubwa. Mama huyo alikubali kuja kambini kwa wiki nzima, na habari zilipofika Kilosa mjini, akina mama wawili wakajitolea kupokezana naye zamu za usiku.

La pili lilikuwa la mavazi. Kanuni za riadha za dunia zinataka nguo safi na zenye staha, hazikatazi hijabu. Nilimsimulia habari za Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain, aliyeshinda mita 200 katika Michezo ya Asia mjini Doha mwaka 2006 akiwa amejisitiri kichwa na mwili. Tukakubaliana: suruali pana ya michezo, fulana ndefu, na hijabu fupi ya kushonwa, isiyotumia pini. Fundi cherehani wa Mikumi aliongeza busara yake mwenyewe: mikono ya fulana iishie kwenye kifundo kwa lastiki, kwani kitambaa kinachoning'inia huweza kukiangusha kijiti.

La tatu lilihitaji kalenda ya swala na ratiba ya mashindano kuwekwa pamoja mezani. Mchujo ungefanyika asubuhi, na fainali kiasi cha saa kumi jioni. Adhuhuri haikuwa na tatizo; Alasiri ilikaribiana na wito wa wakimbiaji. Niliahidi kuwaomba waandaaji mapema wasiwaite wasichana kabla hawajaswali, na kubeba mkeka na dumu la maji ya udhu. Ombi hilo lilikubaliwa kwa dakika mbili. Kumbe lilichokosa miaka yote ni mtu wa kuliomba.

Barua ikatiwa saini. Wiki ya kambi ikaanza, nayo ikaja na fitina ndogo ya kupanga nafasi. Watu walitarajia mwenye mbio zaidi awekwe wa mwisho, ili aonekane akikata utepe. Mimi nilimweka wa pili, kwa sababu wa pili hupokea na kukabidhi, hukaa na kijiti kwa umbali mrefu, na hukimbia sehemu iliyonyooka. Wa Kimamba, mwepesi wa kuondoka na mzuri kwenye kona, alianza. Wawili wa Kilosa mjini walishika nafasi ya tatu na ya nne, kwa kuwa tayari walikuwa wamezoeana mikono. Binti wa Mikumi alinung'unika kidogo. Ustadhi, aliyekuja kututazama, akamkumbusha kwamba Mtume (s.a.w) alipowashindanisha farasi, waliokwisha kuandaliwa aliwapa masafa marefu na wasioandaliwa masafa mafupi, kila mmoja alipewa kinachomfaa.

Kijiti chetu kilikuwa kipande cha bomba la maji la plastiki, sentimita 30. Siku ya kwanza, binti wa Mikumi aliweka majivu nyayo kumi na tano nyuma yake, tena akageuka kutazama. Hakumwamini mwenzake wa Kimamba, ambaye hakuwa amewahi kumwona. Walikula sinia moja, wakafua pamoja, na shangazi akawasuka nywele wote. Binti wa Kimamba ni Mkristo. Wenzake walipoingia katika swala, alikaa pembeni na viatu vyao na kijiti mapajani. Siku ya sita majivu yalikuwa nyayo kumi na tisa, na hakuna aliyegeuka. Nyayo nne zilizoongezeka ndizo kipimo cha imani waliyojengeana.

Morogoro walifika wa pili. Timu moja iliyokuwa mbele yetu ilipokezana nje ya eneo ikaondolewa; iliyoshinda ilitushinda kwa haki. Wasichana wetu walilia kidogo, kisha wakala machungwa. Mkoa ulipotangaza timu yake ya kwenda taifa, wawili wao waliitwa, wa Mikumi akiwa mmojawapo.

Nilimpigia simu baba yake kumpa habari. Alimshukuru Mungu, kisha akauliza: atalala wapi na nani, atavaa nini, ataswali wapi. Nikampa binti simu. Alimjibu yote matatu, kwa utaratibu, bila kunitazama.

Wazazi wenzangu, msimu wa michezo unapofika msiishie kusema ndiyo au hapana. Ulizeni, na mkijibiwa pungufu, toeni mtu, nguo au mkeka wa kulijaza pengo. Na kwenu waandaaji, majibu ya maswali haya matatu yaandikwe ndani ya barua ya kuomba ruhusa, kabla mzazi hajauliza. Barua ya namna hiyo tumeitumia Kilosa tangu mwaka ule, na shangazi wa Mikumi bado ndiye mlezi wa kambi yetu.