Mkanda Usio wa Feni

Mkanda ni neno lenye ukoo mpana. Tunafunga suruali kwa mkanda, tunaugua mkanda wa jeshi, na wazee wetu walikwenda kutazama mikanda ya picha. Tukilihamishia ngeli nyingine tunapata ukanda wa ngozi, ukanda wa pwani, na kanda za nchi, ambazo sisi wa Arusha tumo katika ile ya Kaskazini. Chini ya boneti ya gari dogo umo mkanda mwingine, na huo ndio ulionifanya nishike kalamu, kwa kuwa jina tunalouitia si la kweli, na uongo wa jina hilo una gharama.

Naishi Kisongo, magharibi ya jiji la Arusha, kando ya barabara kuu iendayo Makuyuni. Huku gari dogo si anasa. Ndilo hubeba maziwa, mboga, wanafunzi na wagonjwa. Kiangazi hula vumbi la njia za pembeni; masika, kati ya Machi na Mei, huoga tope. Mkanda wa injini hupokea vyote viwili. Mafundi na madereva wengi huuita mkanda wa feni.

Jina hilo lilipozaliwa lilikuwa la haki. Katika Land Rover za zamani injini ilikaa kwa urefu wa gari, feni ikiwa mbele yake, na mkanda ndio uliozungusha feni. Leo, katika gari dogo kama Toyota Vitz, injini imekaa kwa upana, na feni ya kupoza rejeta ina mota yake ya umeme. Mkanda hauigusi kabisa. Kazi yake ni kuchukua nguvu kutoka puli kubwa ya injini na kuzungusha altaneta inayochaji betri, kompresa ya kiyoyozi, na pampu inayosukuma maji ya kupoza injini. Jina limebaki, feni imehama.

Jirani yangu, mama anayepeleka maziwa mjini kila alfajiri, alilipa gharama ya jina hilo. Alipokaribia Uwanja wa Ndege wa Arusha, taa ya betri iliwaka kwenye dashibodi, na punde akaona joto linapanda. Alifanya jambo la busara: alisimama, akafungua boneti, akatazama feni. Feni ilikuwa inazunguka kwa kasi. Akaridhika kwamba mkanda ni mzima, akaendelea na safari. Alipofika Mbauda maji yalikuwa yanachemka na mvuke umetanda. Mkanda ulikuwa umekatika tangu taa ilipowaka. Feni ilizunguka kwa umeme wa betri, ilhali pampu ya maji imesimama. Gasketi ya silinda iliungua, na kwa wiki mbili maziwa yalisafiri kwa daladala.

“Mwalimu,” aliniambia, “si wanauita mkanda wa feni? Feni nimeiona kwa macho yangu.”

Sikuwa na la kumjibu. Alisikiliza lugha, akaiamini, nayo ikamwelekeza mahali pasipo.

Sisemi kwamba kila jina lililopitwa na wakati lifutwe. Kiswahili kimejaa majina ya namna hiyo, nasi tunayapenda. Meli ilipata jina lake kutokana na neno la Kiingereza la barua, kwa sababu ya vyombo vilivyobeba posta. Leo meli hubeba saruji na ngano, wala hatulalamiki. Gari moshi ni jina tamu, ingawa tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma bila moshi. Majina hayo hayamdhuru mtu, kwani hakuna anayetafuta moshi ili ajue kama treni imefika. Jina la mkanda ni tofauti. Lenyewe ni maelekezo: humwambia mwenye gari atazame wapi. Jina la namna hiyo likikosea, linapoteza watu njia.

Basi tuuite nini? Fundi wangu hutofautisha mikanda miwili kwa maneno mepesi: wa nje na wa ndani. Wa nje ndio huu tunaouzungumzia. Wa ndani hufichwa nyuma ya kifuniko, na kazi yake ni kupanga wakati wa kufunguka na kufunga valvu. Magari mengi, Vitz ikiwamo, yana mnyororo mahali pake. Tofauti hiyo ni ya fedha pia. Mtu akiambiwa tu kwamba “belti imekwisha”, hajui kama anadaiwa kazi ya saa moja au ya siku nzima. Anayejua kuuliza “wa nje au wa ndani?” ameshajilinda nusu.

Kutoka kwa fundi huyo nimejifunza pia jinsi ya kuutazama. Kwanza injini izimwe, ufunguo utolewe, na injini iachwe ipoe. Mkanda hugeuzwa ili zionekane mbavu zake, yaani matuta yanayokwenda kwa urefu upande wa ndani. Mikanda ya zamani ilionyesha uzee kwa nyufa. Mpira wa siku hizi huweza kukosa ufa hata mmoja na bado ukawa umekwisha, kwa kuwa mbavu huliwa polepole hadi mkanda unateleza kwenye puli. Tunasema kamba hukatikia pembamba. Mkanda huu huweza kushindwa kazi kabla ya kukatika. Ukiwa na mafuta au maji ya rejeta, itafutwe kwanza mvujo, la sivyo mkanda mpya utakufa kifo kile kile.

Namba yake ingewapendeza malenga. Mkanda ulioandikwa 4PK880 una mbavu nne, za umbo la PK, na urefu wa milimita 880. Kama ubeti, umehesabiwa: ukizidi au ukipungua haukai mahali pake.

Kuubadilisha kunataka utulivu. Chora kwanza njia ya mkanda, upite puli ipi juu na ipi chini. Toa waya wa hasi wa betri. Legeza bolti ya altaneta, au geuza kikazio pale kilipo, kisha uvue. Kabla ya kuvika mpya, zungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza au kuyumba ina beringi mbovu. Vika mkanda, hakikisha kila ubavu umeingia kwenye mfereji wake, kaza. Ukilegea, utateleza na betri haitachajiwa. Ukikazwa kupita kiasi, utaua beringi za altaneta na pampu. Safiri kidogo, kisha ukague tena, kwani mkanda mpya hunyooka.

Sikilizeni pia vitenzi vya gereji. Mkanda “unalia” asubuhi ya baridi. Mkanda “umekauka”, “umechoka”, “umekula puli”. Mafundi hawakuvitafuta vitenzi hivyo kwenye kamusi; waliyasikiliza magari wakayapa sauti za viumbe. Hapo lugha yao ni sahihi kuliko jina walilorithi, maana mkanda unaolia kweli unaomba msaada.

Mwanafunzi wa fundi, kijana wa miaka kumi na tisa, aliniomba nimwandikie jambo la kukumbuka, kwa vile vitabu vya magari alivyoviona vyote ni vya Kiingereza. Nilimtungia ubeti huu:

Mkanda wa nje tambua, si feni ya kuamini,
Zima injini kagua, uguse mbavu kwa ndani,
Taa ikikuwakia, simama hapo njiani,
Mkanda ukishalia, usingoje mlimani.

Ameuandika kwa chaki ukutani, juu ya meza ya spana. Wateja huusoma wakisubiri. Juzi, fundi aliniambia, dereva mmoja alifika akasema, “Naomba uniangalizie mkanda wa nje.” Hakutaja feni. Sisi washairi huhesabu mizani tukitafuta uzuri wa neno. Dereva yule alitafuta ukweli wake tu, na akaondoka na gari zima.