Theluji Tuiombayo: Safari ya Kitui Mwisho wa Kaskazi

Miongoni mwa dua za kufungulia Sala wanazofundishwa watoto wetu madrasani ni ile iliyopokewa na Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Ndani yake mja humwomba Mola wake amwoshe makosa yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Maji tunayajua. Theluji, mtoto wa Mombasa huitamka mara kadhaa kwa siku na asiwe na mfano wake ila barafu ya kwenye friji. Kwa sababu hiyo, mwisho wa kaskazi, kabla masika hayajaziba anga, tulikusanyika jamaa wa nyumba mbili, wake kwa waume na watoto, tukafunga safari ya Kitui. Huko, asubuhi ikitakata, Mlima Kenya huonekana.

Tulitoka Mombasa baada ya Sala ya Alfajiri. Voi tulistaftahi, na Mtito Andei tukaingia Makueni. Kibwezi tuliiacha barabara kuu ya Nairobi tukapinda kulia, tukashika lami inayopita katikati ya mibuyu hadi kwenye daraja la Mto Athi. Watoto walishangaa kuambiwa kwamba maji yale ndiyo yanayomwagika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Ng'ambo ya mto ni Kitui: Ikutha, kisha Mutomo. Kando ya njia kina mama walikuwa wakiuza embe za mwisho wa msimu. Adhuhuri na Alasiri tulizisali pamoja kwa kupunguza, kama ilivyoruhusiwa kwa msafiri, na jioni tukafika mjini Kitui, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari.

Njia ya Kitui si ngeni kwa watu wa pwani. Kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilileta pembe za ndovu Mombasa, na mmoja wa wakuu wa biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui. Mwaka 1849 alimpokea mgeni kutoka Rabai, mmishonari wa Kijerumani Johann Ludwig Krapf. Tarehe 3 Desemba, mawingu yalipoondoka, Krapf aliuona mlima wenye vilele viwili mfano wa pembe, vimevikwa weupe. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka uliotangulia. Habari zao zilipofika Uingereza, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizi, alizipinga: vipi theluji iwepo karibu na Ikweta? Wakamba hawakuwa na haja ya mjadala huo. Mlima waliujua na jina walikuwa nalo, na ndilo alilolisikia Krapf na kuliandika kwa namna yake, hata likaja kuwa jina la nchi yetu.

Krapf alikuja kueneza dini yake, na katika hilo hatukubaliani naye. Lakini kuhusu mlima alisema kweli, nasi tumeamrishwa uadilifu hata kwa tusiyeafikiana naye. Wanafunzi wa elimu ya Hadithi wanalijua swali la kwanza analoulizwa mleta habari: umeyapata wapi, na je, wewe ni mkweli? Cooley alitanguliza dhana yake mbele ya ushahidi wa aliyeona kwa macho.

Kesho yake tulisali Alfajiri, tukapanda mlima mdogo nje ya mji, tukaelekea kaskazini-magharibi. Kupambazuka kulipokamilika, kilele kikajitokeza mbali, umbali wa kilomita zipatazo 150, kimechongoka kama jino. Weupe ulikuwa haba. Mmoja wetu alisema ni theluji, mwingine akasema ni wingu lililoshika jabali. Binti wa miaka saba alimshika bibi yake mkono, akauliza:

"Bibi, ndiyo hiyo tunayoiomba kwenye Sala?"

"Ndiyo, mwanangu. Iangalie vyema, imebaki kidogo."

Hata saa mbili ya asubuhi haijagonga, mawingu yakafunika kila kitu.

Bibi hakukosea. Barafu ya Lewis, iliyo maarufu kuliko zote katika mlima huo, kati ya mwaka 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za Mlima Kenya na Kilimanjaro huenda zikawa zimetoweka ifikapo 2050. Tulikwenda mwisho wa kaskazi, na kumbe theluji yenyewe iko katika msimu wake wa mwisho.

Wataalamu wanatwambia kwamba maji ya Mto Tana hutokana zaidi na mvua na misitu ya milimani kuliko barafu. Hilo lisitufanye tulale, kwani joto linaloyeyusha barafu linavuruga mvua pia, na msitu unateketea kwa mikono yetu. Tulipokuwa tukirejea tulipita mto mkavu. Wanawake walikuwa wamechimba shimo mchangani, wakichota maji kwa kata na kujaza madumu, na punda wakingoja. Kata moja ilichukua muda kujaa. Binti zetu waliteremka wakasalimiana nao, wakatazama kimya. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita. Sisi hufungua bomba likamiminika tangu kusukutua hadi kuosha miguu.

Wazazi wenye uwezo wa safari hii tunawanasihi wasiiahirishe. Miezi ya Januari na Februari anga huwa safi zaidi, na kilele hutafutwa mapema, kabla jua halijapanda. Asiyejaaliwa kusafiri na aanze nyumbani: amweleze mtoto maana ya neno analolitamka katika Sala, kisha ampe birika moja la udhu na amfundishe kutosheka nalo. Mwenyezi Mungu atuoshe makosa yetu kwa maji, theluji na mvua ya mawe, na asitujaalie kuwa waharibifu wa neema tunazomwomba. Amin.