Viatu Vilivyosema

Miaka ya 1980 nilikuwa fundi viatu kwenye karakana ya hospitali moja huku Tanzania. Wateja wangu wengi walikuwa watoto wenye miguu kifundo, wale wanaozaliwa wayo umepindia ndani na kisigino kimevutwa juu. Kwa kila watoto 1,000, mmoja au wawili huja hivyo, wavulana zaidi.

Hogo, yaani plasta ngumu ya kunyoosha mguu, likishindwa, mtoto alipasuliwa: kano zikarefushwa, viungo vikafunguliwa kuanzia nyuma hadi upande wa ndani, wayo ukageuzwa. Mmarekani Vincent Turco aliandika kuhusu upasuaji wa namna hiyo mwaka 1971, ukaenea. Siku ya kufungua hogo akina mama walipiga vigelegele, na walikuwa na haki, maana mguu ulinyooka kweli.

Mimi niliwaona baadaye, wakija kubadilisha viatu. Kiatu cha mmoja kisigino bado kipya, ncha imelika mpaka ngozi: kisigino kimeanza kupanda tena. Cha mwingine kimeliwa upande wa kidole kidogo, mguu unarudi ulikotoka. Wengine mguu ulinyooshwa ukapitiliza, ukawa bapa, soli ikaisha kwa ndani. Daktari mmoja, Mungu amrehemu, alizoea kugeuza kiatu kwanza kabla mtoto hajavuliwa soksi. Wenzake walitazama umbo la mguu, wakaandika kwamba amepona.

Namkumbuka mtoto mmoja wa miaka saba. Mama yake alisubiri foleni iishe ndipo akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, shule anakwenda, mpira anacheza, ila chooni hawezi kuchuchumaa. Anashikilia ukuta." Nikajaribu kukikunja kifundo chake cha kushoto, kikagoma, makovu ya ndani yalikuwa yamekaza. Shavu la mguu jembamba, na nilipomwambia asimame kwa vidole vya mguu ule peke yake, alicheka tu akaniangalia. Nikamwinulia kisigino ndani ya kiatu, akatembea vizuri zaidi. La choo lilimshinda fundi viatu; baba yake alitoboa kigoda.

Wakati huohuo, Iowa nchini Marekani, Dakta Ignacio Ponseti alikuwa akinyoosha miguu ya namna hii kwa mikono tangu miaka ya 1940 inaisha. Hogo jipya kila wiki, mara tano au sita hivi. Kano ya kisigino ikatwe kwa tundu dogo. Kisha viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau, mchana na usiku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi miaka minne hivi. Madaktari wengi walimpuuza mpaka miaka ya 1990. Hilo hunichoma hadi leo. Waliofanyiwa ule upasuaji mkubwa wamechunguzwa ukubwani, na wengi wamekutwa na miguu migumu, maumivu na viungo vilivyosagika.

Yule mtoto sasa ni dereva wa lori. Klachi anaikanyaga kwa nguvu ya paja, kifundo hakimo. Majuzi alinipigia simu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, baba. Mguu?" Akasema asubuhi unamuuma mpaka upate moto, ila shida yake hasa ni kumpata fundi kijana wa kumshonea, maana mguu wa kushoto anavaa namba 38, wa kulia 41, na amechoka kununua jozi mbili kila mwaka.