Joto la Chicago na Hodi ya Jirani

Ukifika Chicago, Marekani, utaliona Ziwa Michigan likimetameta kando ya majumba marefu, wala hutadhani kwamba joto liliwahi kuua watu zaidi ya 700 mjini humo. Ilikuwa Julai 1995. Tarehe 13 joto lilifikia nyuzi 41 za Sentigredi. Hewa ilijaa unyevu, jasho halikukauka mwilini, na usiku haukuleta nafuu. Wengi waliokufa walikuwa wazee waishio peke yao. Baadhi yao walifunga madirisha kwa kuhofia wezi.

Basi, siku za joto kali, kunywa maji na umpigie hodi mzee jirani yako. Ukimkuta amechanganyikiwa na mwili unachemka, mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, huku mkimwahisha hospitali. Hodi moja yaweza kuokoa roho.